Neno Nililomwambia Mwanangu Danubi

Siku niliyostaafu kazi ya kutunza wazee kule Gaithersburg, Marekani, mwanangu alinipa bahasha. Nilidhani ni kadi ya pongezi, zile wanazouza dukani zikiwa zimeshaandikwa kila kitu, wewe kazi yako kutia sahihi. Ndani nikakuta picha ya meli nyeupe, ndefu na bapa, imepita chini ya daraja la mawe.

"Siku nane kwenye mto Danubi, Mama," alisema. "Wewe na mimi, mwanzo wa machipuko, kabla watu hawajawa wengi."

Alisema hivyo kwa Kiingereza, kama anavyosema karibu kila kitu. Kiswahili changu anakisikia, ila kukijibu ndiko kunamshinda. Na hata kukisikia, kuna mashimo. Alipokuwa na miaka saba nilimwambia kesho tutakwenda kuona mto, na asubuhi yake akaja kwenye gari amekumbatia mto wa kitandani kwake. Tukaenda nao hadi kwenye maporomoko ya Potomac, tukaukalia juu ya jiwe. Baba yake alicheka mpaka akashika mbavu.

Kanisani nako hawakuniacha. Ibada yetu ya Kiswahili ina Watanzania, Wakenya na Wakongo, na baada ya ibada ndipo habari zote husambaa, kwenye chai. Nilipotangaza kwamba nakwenda safari ya mto, rafiki yangu Mkenya, nesi mwenye mdomo, akaweka kikombe chini.

"Safari ya mto? Hiyo si ni kulala tu, mama? Basi beba na blanketi."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Yeye ndiye mtu pekee pale aliyejua siri yangu. Nilikuwa nimeamua kurudi nyumbani, Njombe, moja kwa moja. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akinisimamia ujenzi huko. Nyumba ilikuwa imekwisha kuezekwa, inangoja madirisha. Mume wangu tulimzika upande wa juu wa kiwanja hicho hicho miaka sita iliyopita, na mimi nilichoka kumkumbuka kwa picha. Nilitaka nikiamka asubuhi nifungue dirisha nimwone alipo.

Aliyebaki kuambiwa alikuwa mmoja tu, na ndiye niliyekuwa nikimwogopa. Ni mwanangu wa pekee. Anafanya kazi Sterling, ng'ambo ya mto Potomac, kwenye mojawapo ya yale majengo makubwa yasiyo na madirisha yanayotunza kompyuta. Kila Jumamosi anaendesha gari hadi kwangu Germantown na mfuko wa nguo chafu. Mashine ya kufulia anayo kwake. Nguo ni kisingizio, na wote wawili tunajua, na hakuna anayelisema. Anafua, anakula, analala kidogo kwenye kochi la baba yake, anaondoka na mabaki kwenye vyombo vyangu ambavyo havirudi.

Mara tatu nilijaribu kumwambia. Mara zote tatu chai ilipoa na neno likanikwama. Kwa hiyo bahasha ile niliipokea kwa furaha ya mtu mwenye hila. Kwenye meli, nilijiambia, hakuna pa kukimbilia. Siku nane zinatosha kwa sentensi moja.

Tulipandia Budapest. Baridi ilikuwa kama ya Njombe mwezi wa saba, ile inayoingia kwenye mifupa ya vidole. Miti ya kando ya mto ilikuwa bado mitupu. Chumba chetu kilikuwa kidogo, vitanda viwili na dirisha kubwa. Asubuhi ya kwanza nilivuta pazia nitazame mji, nikakutana ana kwa ana na mzee mmoja anapiga mswaki. Kumbe usiku meli nyingine ilikuwa imeegeshwa ubavuni mwetu, dirisha kwa dirisha. Tulitazamana. Akainua mswaki kunisalimu, nami nikapunga mkono nikiwa na kilemba changu cha kulalia. Mwanangu alijifunika shuka uso mzima kwa aibu.

Abiria wengi walikuwa wazee. Mwanangu ndiye alikuwa mtoto wa meli nzima. Na mimi, miaka ishirini na miwili ya kushika watu viwiko haiishi kwa bahasha moja. Siku ya pili tuliposhuka, mama mmoja mwenye fimbo alisita kwenye daraja la kushukia. Kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa tayari chini ya kwapa lake. "Pole, pole mama, mguu unaouma kwanza." Hakuelewa neno hata moja, akashuka salama. Siku ya tatu walikuwa wawili. Kufika Vienna, nilikuta wanne wamesimama pembeni mwa mlango, wamevaa makoti, wananingoja.

"Mama," mwanangu alisema, "umestaafu."

"Nimestaafu mshahara," nikamjibu.

Alicheka, lakini alinitazama kwa muda mrefu kidogo. Baadaye nilijua alikuwa akinipima. Alikuwa ameona kwamba sili vizuri, na kwamba nikikaa peke yangu midomo yangu inacheza. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikifanya mazoezi ya sentensi yangu.

Jambo lililonipendeza kuliko makanisa yote tuliyoonyeshwa ni namna meli inavyopanda. Mto ule umewekewa mabwawa, na meli haiwezi kuruka ukuta. Basi inaingia kwenye chumba kirefu cha zege, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaachiwa taratibu. Unakaa unakunywa chai yako, ukuta mweusi uliokuwa juu ya kichwa unashuka mbele ya macho yako, mpaka unaona nyasi, kisha baiskeli ya mtu, kisha mlima. Hakuna kishindo. Nilisimama kwenye sitaha kila mara tulipofika penye mlango kama huo, hata mvua ikinyesha, na mwanangu akisimama nami ameshika mwavuli. Tulikuwa tukisimama hivyo bila kusema. Nadhani hizo ndizo saa nilizozipenda zaidi.

Siku ya tano tuliingia kwenye bonde lenye mashamba ya mizabibu pande zote mbili. Mizabibu yenyewe ilikuwa vijiti vikavu, lakini katikati yake kulikuwa na miti ya aprikoti iliyochanua maua kabla ya kutoa hata jani moja. Maua meupe, kilima kizima. Jua lilitoka. Wahudumu wakatupa mablanketi, tukakaa juu, chai ya tangawizi mkononi. Kulikuwa na magofu ya ngome juu ya jabali, na mtu wa meli akieleza habari za mfalme aliyefungwa humo, lakini sikumsikiliza.

Nikapiga moyo konde.

"Mwanangu," nikasema. "Kuna jambo nimelibeba muda mrefu. Nimeamua. Nataka kurudi nyumbani."

Hivyo tu. Nilikuwa nimeandaa na maelezo, habari za madirisha na za kaburi la baba yake, lakini nilipofika kwenye "nyumbani" pumzi iliniishia.

Hakushtuka. Aliweka kikombe chake kwenye sakafu, akauchukua mkono wangu, akausugua kama ninavyosugua mikono ya wazee wangu wakipata baridi.

"I know, Mama," alisema kwa upole. "Nimeona. It's okay." Kisha akaongeza kwa Kiingereza kwamba zimebaki siku tatu tu, nijitahidi nizifurahie, yeye yupo.

Nikanywa chai yangu. Maua yaliendelea kupita.

Nitasema ukweli, niliudhika. Siyo kidogo. Mwaka mzima nilikuwa nimekonda kwa hofu ya kumvunja moyo mtoto, na mtoto mwenyewe amelipokea kama nimemwambia kesho kutanyesha. Nilitaka nini? Nilitaka agombe. Nilitaka anitajie Jumamosi, kochi, vyombo vya plastiki. Nilitaka alie japo kidogo ili mimi nimbembeleze. Nimemlea mwenyewe katika nchi hii ya watu wanaoagana kwa ujumbe wa simu, nikasema moyoni, basi nivune nilichopanda.

Nami nina kichwa kigumu. Sikulirudia. Kama limemwingia kirahisi hivyo, na liwe rahisi.

Lakini siku zile tatu alikuwa mwema kupita kiasi, na kila wema ulinichoma. Aliomba mto wa ziada kwa ajili ya mgongo wangu. Alikwenda kuongea na mpishi, sijui alimweleza nini, na jioni ikaja sahani ya ugali wa njano uliotiwa jibini, na nyama ya mchuzi pembeni. Chumba kizima cha kulia kilikuwa kinakula samaki, mimi nakula ugali wa jibini Austria. "Ili usijisikie uko mbali," alisema. Nilikula wote, nikadhani ananifanyia karamu ya kuniaga.

Kila asubuhi alinihesabia. "Mbili, Mama." Kisha, "Kesho, Mama." Alisema akitabasamu, na mimi nikasikia anahesabu siku zetu za mwisho za kukaa pamoja kabla sijaanza kufungasha vyombo. Jirani yangu wa Germantown alimtumia picha ya maua ya njano niliyopanda mlangoni. Yalikuwa yamechanua nikiwa sipo. Akanionyesha mara mbili kwa siku moja. Mara ya pili niligeuza uso, nikajifanya natazama bata.

Passau, mahali mito mitatu inapokutana, tulisimama kwenye ncha ya ardhi tukatazama maji ya rangi tatu yakiungana. Mwanangu aliniegemea begani. Ana miaka thelathini na moja na ananizidi kimo, ilibidi ajikunje. Nilitaka kumuuliza: kwani wewe huumii? Nikameza.

Tukaruka kutoka Munich, tukashuka uwanja wa ndege wa Dulles saa tisa alasiri. Gari lake lilikuwa kwenye maegesho, limejaa vumbi la njano la maua ya miti. Tukavuka daraja la Potomac, maji ya kahawia, mapana, hayana meli. Kwenye barabara kuu foleni ilikuwa ile ile tuliyoiacha. Hakuwasha redio. Alikuwa anaimba kwa sauti ndogo, wimbo wa watoto, na nilishangaa furaha yake inatoka wapi.

Nyumba yangu ni ya kubanana na nyingine, ukuta kwa ukuta, ya nne kutoka kona. Maua yalikuwepo kweli. Alitangulia na masanduku yote mawili, akafungua mlango, akawasha hita, akavua viatu akavipanga pembeni kama nilivyomfundisha. Kisha akageuka, akafungua mikono yake miwili pale kwenye korido nyembamba.

"Haya, Mama," alisema. "Nyumbani."

Kwa Kiswahili. Neno lilitoka safi, halina kasoro.

Nikabaki mlangoni. Yeye akaendelea kwa Kiingereza chake, haraka haraka, kama mtu anayeshusha mzigo. Kwamba nilimtia hofu siku ile ya maua. Kwamba alijua nimechoka, hakujua nimechoka hivyo. Kwamba tulipofika mji wa Linz alikwenda mapokezi ya meli kuuliza kama tunaweza kurudi mapema, wakamwambia ndege ya siku ile imejaa. Kwamba anaomba radhi, labda safari yenyewe ilikuwa kosa, labda ni mapema mno, labda mtu akistaafu anataka kukaa kwake tu. "But you made it," akasema. "Umefika nyumbani."

Nikakaa kwenye ngazi, na koti mwilini.

Kumbe nilimwambia nataka kurudi nyumbani, na yeye akasikia Germantown.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiri hivyo, sitaficha. Mlango ulikuwa umefunguka mwenyewe: neno halijasemwa, mtoto ana furaha, chai inachemka. Lakini ndugu yangu alikuwa anangoja jibu la madirisha, na mimi si mwizi.

"Kaa hapa," nikamwambia. Akakaa ngazi ya chini yangu. "Siku ile sikusema hapa. Nilisema nyumbani. Njombe. Nimejenga. Nataka kwenda kukaa kule, karibu na baba yako. Moja kwa moja."

Birika la umeme lilichemka, likajizima. Nilikuwa namwona kisogo tu, na nywele zake alizosuka mwenyewe kwa safari, mistari haikunyooka.

"So wakati wote," alisema mwishowe, "ukisema nyumbani, hukumaanisha hapa?"

Nikafungua mdomo nimwambie ndiyo, mwanangu, sisi watu wazima tukisema nyumbani tunajua tunamaanisha wapi. Pale kanisani, kwenye chai, hakuna anayeuliza. Unarudi nyumbani lini? Nyumbani mvua zimeanza? Kila mtu anajua.

Ndipo nikaona makosa yangu yalipo. Alipokuwa mdogo, nilikuwa namwacha kwa mama mwingine Mkenya aliyelea watoto katika fleti yake Gaithersburg. Kila jioni nikitoka kazini, miguu imevimba, nilikuwa nasimama mlangoni kwake nasema maneno yale yale. Haya, viatu. Twende nyumbani. Miaka mitano, siku kwa siku. Naye alikuwa akiacha midoli, akiacha hata keki, akikimbilia viatu vyake, kwa sababu alijua neno lile lina nini ndani yake: lina ngazi hizi, lina kochi, lina baba anayekaanga mayai na kuyaunguza. Alilisikia neno lile sawasawa. Halikuwa na shimo. Mimi ndiye niliyemfundisha.

"Nilimaanisha," nikasema. "Nilipokuwa nikisema na wewe, nilimaanisha hapa."

Aligeuka. Uso wote ulikuwa umelowa, yale machozi niliyoyataka kwenye sitaha, na sasa yalipokuja sikuyataka tena. Akawa anatafuta kitu, nikaona anatafuta maneno, na siyo ya Kiingereza. Alikunja uso kama alivyokuwa akifanya akifunga kamba za viatu.

"Wewe ukirudi nyumbani," alisema, taratibu, neno moja moja, "mimi narudi wapi?"

Nilishuka ngazi moja, tukakaa pamoja, mabega yamebanana maana ngazi ni nyembamba. Baadaye alikwenda kumimina chai. Baadaye tena akaleta mfuko wake wa nguo za safari, akaenda kufua, ingawa haikuwa Jumamosi.

Kesho yake asubuhi nilimpigia mdogo wangu. Kule ilikuwa jioni, nikasikia kuku wanagombania banda.

"Dada! Umesharudi kutoka kwa Wazungu? Madirisha niweke?"

"Weka," nikamwambia. "Na vitanda viwili chumba cha mbele. Nakuja mwezi wa saba na mwanangu, aje amsalimie baba yake. Yeye ana likizo ya wiki tatu, mimi nitakaa mpaka wa kumi."

"Mpaka wa kumi? Halafu?"

"Halafu narudi nyumbani."

Nikamsikia akifukuza kuku. Ni fundi mzuri, lakini kwenye mambo ya maneno ni mzito, na simu ya mbali huwa inachelewesha sauti.

"Dada, sikukupata vizuri," akasema. "Nyumbani wapi?"

Chini jikoni mwanangu alikuwa anakaanga mayai, na harufu ilishaniambia ameyaunguza.

"Huku," nikamwambia. "Kwa mtoto."